Scuttlebutt si tusi, ndugu yangu

Nimekuelewa. Unatembeza wageni magofu ya Kaole, mzee wa Kimarekani akakuuliza "What's the scuttlebutt?", ukasikia "butt" ukadhani kakutukana makalio. Hapana. "Butt" hapo ni pipa. Zamani kwenye meli za matanga pipa la maji ya kunywa lilitobolewa, na kutoboa huko ndiko "scuttle". Mabaharia wakija kunywa, soga zinaanza, kama sisi tunavyozunguka dele la kahawa jioni. (Au foleni ya ndoo bombani, huko ndiko hasa!) Karne ya 20 jina la pipa likawa jina la maneno yenyewe.

Kwa hiyo mzee alitaka tetesi za mji tu. Akirudia, cheka naye, mpe mbili tatu zisizomvunjia mtu heshima.

Wewe ukitaka neno la soga za kawaida, za hali ya hewa na safari, sema "chitchat". Angalia "gossip": huo ni umbea, ukimwambia mtu anao, umemchokoza. Kwenye barua ya kuomba kazi usiweke hata moja bila mwalimu wa Kiingereza kuipitia. Mimi niliandika napenda "chitchat" na wateja. Sikuitwa.