Ukiomba ufadhili wa kutafiti sanaa ya China, anza na chombo kimoja

Ombi la ufadhili wa utafiti wa makumbusho huharibika mapema, mara nyingi pale mwombaji anapoandika kwamba anataka kuchunguza "kauri za enzi ya Ming". Enzi hiyo ilianza 1368 ikaisha 1644. Nani atakulipia miezi tisa umalize miaka 276? Taja chombo na namba yake ya usajili, ambayo makumbusho mengi makubwa huiweka kwenye katalogi ya mtandaoni. Kisha uliza swali lisilojibika bila kukishika chombo hicho mkononi.

Kwa anayetoka mwambao wetu, swali lenye mashiko ni kama hili: buluu iliyopo kwenye vigae (vipande vya kauri za China) vya magofu ya Gedi, Kenya, ilitokana na kobalti, madini ya kutia rangi hiyo, ya wapi? Kobalti iliyoletwa kutoka Uajemi huwa na chuma kingi na manganizi kidogo; ya China yenyewe huwa na manganizi nyingi. Kifaa cha mkononi cha eksirei huonyesha uwiano huo bila kuvunja kitu, lakini husoma ngozi ya juu tu, kwa hiyo kigae kilicholika na kukaa ardhini karne kadhaa kinaweza kukudanganya. Liseme hilo ndani ya ombi, maana wasomaji wake wanalijua.

Vigae hivyo vinahitaji kulinganishwa na vyombo vyenye tarehe. British Museum, chumba cha 95, kuna mkusanyiko wa Percival David wenye vipande takriban 1,700, vikiwamo vyombo viwili virefu vya maua vilivyoandikwa mwaka 1351. Huku nyumbani, kibali cha utafiti hutolewa na NACOSTI kwa Kenya na COSTECH kwa Tanzania. Ruhusa ya kushika vigae huombwa kando, na ya kusafirisha sampuli ni nyingine tena. Anza zote kabla ya kupanga tarehe za safari.

Usitie tarehe kwa maandishi ya kitakoni peke yake. Wafinyanzi wa enzi ya mfalme Kangxi (1662–1722) waliandika jina la Chenghua (1465–1487), mfalme wa zamani wa Ming, kwenye kazi zao bila wasiwasi. Geuza chombo uangalie ukingo wa kitako pasipo glezi (ngozi ya kioo ya kauri): rangi ya udongo, mikwaruzo ya gurudumu, mchanga ulioganda.

Lugha nayo isidharauliwe. HSK (mtihani wa Kichina) ya ngazi ya nne, kwa kipimo cha zamani cha maneno 1,200, itakutosha kubishana bei Jingdezhen, mji wa kauri wa China. Maandishi ya kale yenye herufi zisizorahisishwa ni shule nyingine. Barua za mapendekezo ziombe miezi miwili mapema, na mwandishi mpe ombi lenyewe, si wasifu tu.

Ukishapata nafasi, ghalani vua pete na saa, tumia penseli, weka sifongo chini ya chombo, kibebe kwa mikono miwili na usikishike ukingoni wala kwenye mpini. Glovu za pamba huteleza kwenye glezi; mikono safi mikavu au glovu za naitraili ni salama zaidi. Mchoro wa kuviringisha hufunguliwa kutoka kulia, upana wa mabega kwa wakati mmoja, na upande uliokwisha kuonwa huviringishwa. Hariri na karatasi huruhusiwa mwanga hafifu wa takriban lakisi 50, kwa hiyo macho yatachoka mapema: omba vipande vitatu kwa siku, si kumi.