Maswali yenu: fimbo za Mafarao na miungu ya Misri

Tangu ile picha ya Anubis, mungu wa Misri mwenye kichwa cha mbweha, na fimbo yake ianze kuzunguka WhatsApp maswali yamekuwa mengi mno, nachukua machache.

Eti fimbo ndefu ya Anubis ilikuwa antena ya kuvuta umeme angani?

Hapana, na hili nimeshalijibu zaidi ya mara moja, mtu anaangalia video ya dakika moja tu keshaamini. Hiyo fimbo inaitwa was, juu ina kichwa cha mnyama ambaye wengi wanamhusisha na mungu Sethi, chini ina panda. Kuna moja kubwa ajabu ipo makumbusho ya Victoria and Albert, London, inapita mita 2, ya wakati wa farao Amenhotep II, mwanaakiolojia Flinders Petrie ndo aliichimbua kwenye hekalu la Sethi huko Naqada, Misri. Ni ya kauri ya bluu. Vile vikombe kwenye nguzo za umeme mtaani kwako vingi ni vya kauri, na vimewekwa pale kwa sababu umeme haupiti, sasa antena gani hiyo?

Was ilikuwa mamlaka. Kwenye kitana cha pembe za ndovu cha mfalme Djet, kama miaka 3000 KK, zipo was mbili zimesimama huku na huku zimebeba mbingu, na mimi ninavyoisoma ni kwamba mamlaka ya miungu ikiyumba na mbingu inakuja chini. Aliyechonga kile kitana kasema jambo zito sana kuhusu utawala, alafu sisi tunalifuta kwa habari za antena. Inauma.

Ankh nayo ni fimbo?

Sio, ni alama ya uhai. Ukiiona imeunganishwa na was na djed, ile nguzo ambayo ni alama ya uimara, kwenye fimbo moja, hapo mtazame vizuri mwenye nayo, mara nyingi ni Ptah, mungu wa Memphis, mji wa kale wa Misri.

Farao Tutankhamun alizikwa na fimbo nyingi kwa sababu alikuwa mlemavu?

Kaburi aliligundua Howard Carter mwaka 1922 na fimbo zilizokutwa mle ni kama 130. Mwaka 2010 timu ya Zahi Hawass, mwanaakiolojia wa Misri, ikatoa utafiti kwamba mguu wake wa kushoto ulikuwa na ugonjwa wa mifupa kwahiyo alitembelea fimbo, wapo wataalamu wanaobisha. Sawa, tuseme aliumwa, ndo fimbo 130? Maafisa wazima kabisa wa Misri nao walizikwa na fimbo zao maana fimbo ndo cheo chenyewe, mwangalie Ka-aper, ile sanamu ya mti iliyotoka Saqqara, mzee kanenepa yuko vizuri na fimbo yake mkononi.

Ila kitu ambacho hamniulizi ni hiki. Baadhi ya fimbo za Tutankhamun zimechongwa mateka kwenye mkunjo, Mnubi (Mwafrika wa kusini mwa Misri) na mtu wa Asia, ili mfalme akitembea waburuzwe vumbini. Mnaposti dhahabu mnaandika "wafalme wetu", basi mposti na huyo Mnubi, maana naye ni wetu.

Zile fimbo mbili Farao anazokunjia kifuani, moja si mjeledi wa watumwa?

Hapana. Ile iliyopinda kama bakora ni heka, fimbo ya mchungaji, na ya zamani mno, kaburi la U-j kule Abydos lilikuwa na moja ya pembe za ndovu hata Narmer, anayehesabiwa mfalme wa kwanza wa Misri nzima, bado hajatawala. Yenye shanga ni nekhakha, na hapo mabingwa wanavutana, wapo wanaosema kifaa cha kupuria nafaka, wengine mgwisho. Tena Osiris mwenyewe anaishika, na yeye ni bwana wa wafu, alikuwa na shamba gani la watumwa?

Wanawake walikuwa na fimbo?

Miungu wa kike mara nyingi wanashika fimbo ya shina la mafunjo. Hatshepsut alipotawala kama farao alichukua heka na nekhakha zilezile za wanaume, na ndevu za bandia juu.

Kuna mtu anauza fimbo halisi ya Farao, anasema inavuta pesa.

Usitume hela. Misri ina sheria namba 117 ya mwaka 1983, mali kale ni za serikali na biashara yake imepigwa marufuku, kwahiyo huyo ama kauza bandia ama kauza cha wizi. Kama ulishatuma, tunza meseji na namba uliyolipia alafu nenda polisi leo.