Jibu: Miguu haijavimba, je, figo za binti yangu ziko salama?

Pole dada, na hongera kwa kumfuatilia binti. Umeuliza kama kutovimba miguu kunatosha kukuhakikishia figo zake, kwa kuwa ana miaka 14 na kisukari cha aina ya kwanza. Hakutoshi. Uvimbe huja tatizo likiwa limeshakomaa; mwanzoni mtoto hasikii chochote, na hapo ndipo madhara bado yanaweza kupungua.

Kinachotangulia ni protini iitwayo albumini kuvuja kidogo kidogo kwenye mkojo. Omba kipimo cha uwiano wa albumini na kreatinini (taka ya misuli inayotoka na mkojo), kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi. Chini ya miligramu 30 za albumini kwa kila gramu ya kreatinini ni kawaida. Ikizidi, msiingiwe na hofu: homa, hedhi au mazoezi makali ya jana yake huipandisha, kwa hiyo hurudiwa, na majibu mawili yaliyozidi kati ya matatu ndiyo yanayothibitisha tatizo.

Hupimwa kila mwaka tangu kubalehe, mtoto akishaishi na kisukari miaka 2 hadi 5. Wa aina ya pili huanza mara tu wanapogundulika. Na presha apimwe kila akienda kliniki, tafadhali, hata akionekana mzima kabisa.