Maswali Yenu: Jaji akiwa mwanamke, kinabadilika nini?

SWALI: Shikamoo mama. Nasoma sheria mwaka wa kwanza hapa Arusha. Mwenzangu darasani anashikilia kwamba jaji ni jaji tu, awe mwanamke au mwanamume. Nilikosa la kumjibu. Wewe unasemaje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Jibu liko hapo hapo mjini kwenu. Msome Navi Pillay.

Alizaliwa Durban mwaka 1941, baba yake dereva wa basi. Ofisi za mawakili Wazungu hazikumtaka, hivyo mwaka 1967 akafungua yake, mwanamke wa kwanza asiye Mzungu kufanya hivyo Natal. Mwaka 1973 aliwapigania mahakamani wafungwa wa kisiasa wa Kisiwa cha Robben, Mandela akiwemo, wakapata haki ya kuonana na mawakili. Mwaka 1995 akawa jaji Mahakama Kuu ya Afrika Kusini, na mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ukamchagua kuwa jaji wa Mahakama ya Rwanda, ile ya kimataifa iliyokaa Arusha kuhukumu mauaji ya kimbari ya 1994 nchini Rwanda.

Hapo nataka utulie. Kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba huko Rwanda, ilianza kusikilizwa Januari 1997. Ubakaji haukuwemo kabisa kwenye hati ya mashtaka. Ndipo mama mmoja, Shahidi J, katikati ya ushahidi wake akataja kwamba bintiye wa miaka sita alibakwa. Wangeweza kumwambia hilo halihusiki, aendelee. Badala yake majaji wakauliza zaidi, na kati yao watatu mwanamke alikuwa Pillay peke yake. Kisha shahidi mwingine akasema naye alibakwa. Juni mwaka huo hati ikabadilishwa. Septemba 2, 1998, kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ikatamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Akayesu alifungwa maisha.

Nisimpunje mtu: hukumu ile ni ya majaji wote watatu, na nje ya mahakama watetezi wa wanawake walikuwa wakidai hati irekebishwe. Sheria yenyewe, Mkataba wa 1948 dhidi ya mauaji ya kimbari, haikuguswa hata nukta. Hapo mwenzako yuko sahihi. Lakini ilikaa nusu karne bila mahakama yoyote ya kimataifa kuisoma hivyo.

Baadaye Pillay aliongoza mahakama hiyo, akahamia Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) kule The Hague, na 2008 hadi 2014 akawa Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa.

Namba ya kesi ni ICTR-96-4-T, na kumbukumbu za mahakama zimehifadhiwa Lakilaki, hapo hapo Arusha. Anza na ushahidi wa Shahidi J, umsomee na mwenzako.