Uliza Tujibu: Muungano ni tarehe 22 au 26? Na maswali yenu mengine ya tarehe

Meseji za safari hii nyingi zimekuja na jambo moja, tarehe. Nani kazaliwa lini, nani kafariki lini, sikukuu fulani imetoka wapi. Nimechukua yale maswali ambayo watu wanabishania sana, yaliyofanana nimeyaunganisha.

SWALI: Habari mhariri, za majukumu. Sisi huku Tandika kwenye grupu la WhatsApp la mtaa kila ikifika Aprili ni ugomvi. Mmoja anasema Muungano ulisainiwa tarehe 26 ndo maana tunapumzika, mwingine anasema 22, wa tatu kaleta ile picha ya Nyerere anachanganya udongo anasema hiyo ndo siku yenyewe ya kusaini. Mwaka huu watu wametoana mpaka kwenye grupu. Tusaidie.

JIBU: Warudisheni kwanza waliotolewa, kila mmoja ana kipande chake cha ukweli. Hati za Muungano zilisainiwa tarehe 22 Aprili 1964, ilikuwa Jumatano, Mwalimu Nyerere alikwenda Zanzibar akasaini na Mzee Karume kulekule. Lakini kusaini peke yake hakukutosha, zile hati zilitakiwa ziridhiwe kwanza, na Muungano wenyewe ukaanza kazi tarehe 26, Jumapili, na hiyo ndo tunayopumzika. Kesho yake, Jumatatu ya tarehe 27, viongozi wakakutana ukumbi wa Karimjee hapahapa Dar wakabadilishana hati. Picha ya udongo ni ya sherehe za kuungana, siyo ya kusaini, hata ukiiangalia vizuri hamna kalamu wala karatasi pale, kuna Mwalimu na udongo wa pande mbili unachanganywa.

Na kuna kitu watu wanakosea sana kwenye posti zao kila mwaka, wanaandika "siku kama ya leo 1964 ilizaliwa Tanzania". Nchi iliyozaliwa siku ile iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, jina la Tanzania lilikuja baadaye, Oktoba mwaka huohuo. Miezi sita nzima watu waliishi kwenye nchi yenye jina refu vile.

Mimi naona ubishi mwingi wa tarehe unatokea hapo, tunachanganya siku jambo lilipofanyika, siku lilipotangazwa na siku tunayoliadhimisha. Azimio la Arusha hivyohivyo, Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Arusha na kulipitisha mwishoni mwa Januari 1967, wananchi wakatangaziwa tarehe 5 Februari, na ukimuuliza mtu leo atakutajia hiyo tano. Ambayo nayo wala haijakaa kwa bahati kwenye historia ya vyama vyetu, ASP iliundwa 5 Februari 1957, na CCM ikazaliwa 5 Februari 1977, miaka 20 kamili.

SWALI: Mdogo wangu mhariri, mimi ni mama wa watoto wanne nipo Mbagala. Mjukuu wangu kazaliwa siku ileile aliyofariki Mzee Mwinyi, Februari 29. Majirani wananiambia huyo atakuwa na bethidei kila baada ya miaka minne, wengine wanashauri tuandikishe Februari 28 ili asije kusumbuliwa shule. Tufanyeje?

JIBU: Shikamoo mama, na hongera kwa mjukuu. Msibadilishe. Cheti cha kuzaliwa kiandikwe siku aliyozaliwa, na kadi ya kliniki iseme hivyohivyo, maana usumbufu mkubwa wa shule na kitambulisho unakuja pale karatasi moja inasema hivi nyingine inasema vile. Keki mkateni Februari 28 au Machi 1 mnavyopenda wenyewe, hilo ni la familia, lakini karatasi ibaki na ukweli.

Sababu ya siku hiyo kuwepo ni kwamba dunia haizunguki jua kwa siku 365 kamili, kuna karibu robo siku inabaki kila mwaka, basi zile robo zikikusanyika miaka minne wanaongeza siku moja Februari. Mjukuu ataiona tarehe yake mwenyewe kwenye kalenda 2028, halafu 2032, itaendelea hivyo mpaka akishakuwa bibi mtu mzima, mwaka 2100 itarukwa, kwa sababu ile robo siyo robo kamili, imepungua kidogo, kwa hiyo miaka ya mwisho wa karne inakosa hiyo siku isipokuwa ile inayogawanyika kwa 400 kama 2000.

Na mwambieni akikua amezaliwa siku gani. Alhamisi ile, 29 Februari 2024, Rais Samia alitangaza kwamba Mzee Ali Hassan Mwinyi amefariki hapa Dar es Salaam akiwa na miaka 98, alizaliwa 8 Mei 1925, akazikwa Mangapwani, Unguja, tarehe 2 Machi. Huyu ndo rais aliyepokea nchi 1985 maduka hayana kitu akafungulia biashara watu wakamwita Mzee Ruksa. Mtu mzima wa umri wangu akikumbuka foleni za sukari na sabuni za enzi zile anaelewa kwa nini jina lile lilikuwa la mapenzi.

SWALI: Oya mhariri, mi nipo Sinza. Hivi Aprili 7 ina nini? Tunapumzika Karume Dei, hapohapo ndo siku aliyokufa Kanumba, halafu nasikia na mauaji ya Rwanda yalianza siku hiyo. Kuna mtu kaposti anasema ni tarehe ya mkosi.

JIBU: Yote matatu ni kweli, mkosi ndo sikubaliani nao. Mwaka una siku 366 tu kwa wingi wake na matukio ni maelfu kwa maelfu, lazima mengine yatagongana tarehe. Ukitafuta utakuta na harusi na watoto waliozaliwa siku hiyo.

Mzee Abeid Amani Karume aliuawa kwa risasi 7 Aprili 1972, jioni, akiwa Kisiwandui makao makuu ya chama cha ASP. Alikuwa amekaa na wenzake kwenye bao. Naomba mlitazame hilo kidogo, rais wa Zanzibar na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Jamhuri ya Muungano, jioni ya Ijumaa anacheza bao na rafiki zake kama mzee yeyote wa barazani, wauaji wakamfuata pale.

Rwanda nayo ina mkono wa mji wetu ambao vijana wengi hawaujui. Rais Habyarimana alikuwa hapahapa Dar es Salaam tarehe 6 Aprili 1994 kwenye mkutano wa viongozi wa ukanda huu kuhusu amani, akaondoka jioni na Rais Ntaryamira wa Burundi, ndege ikatunguliwa usiku ikikaribia kutua Kigali. Asubuhi ya tarehe 7 mauaji yalikuwa yameshaanza, na ndo maana Rwanda wanaanza kumbukumbu zao siku hiyo.

Steven Kanumba alifariki usiku wa kuamkia 7 Aprili 2012, nyumbani kwake hukohuko kwenu Sinza, ana miaka 28 tu. Kesho yake ilikuwa Pasaka. Siku aliyozikwa pale makaburi ya Kinondoni watu walijaa barabarani kiasi ambacho mji huu hauoni mara nyingi kwa msanii, na nadhani siku ile ndo wakubwa wengi walielewa filamu zetu zimeingia kiasi gani kwenye nyumba za watu.

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni mwanafunzi, nafanya kazi ya darasani ya kuhoji wazee. Bibi yangu ni mzaliwa wa Unguja anaishi Kariakoo, kaniambia Mapinduzi yalianza "usiku wa Jumapili". Vitabu vinasema usiku wa Jumamosi. Mwalimu kaniwekea kosa. Bibi kakosea?

JIBU: Marahaba mwanangu. Bibi yupo sahihi na vitabu vipo sahihi. Tarehe 12 Januari 1964 ilikuwa Jumapili. Mapinduzi yalianza usiku wa manane, ule usiku unaotoka Jumamosi kuingia Jumapili. Sasa wazee wa pwani siku kwao inaingia jua likizama, kama ilivyo kwenye kalenda ya Kiislamu, kwa hiyo ikishaadhiniwa magharibi Jumamosi bibi yako yupo tayari kwenye usiku wa Jumapili. Sisi tuliosoma kwa saa ya ofisi tunaubakisha usiku huohuo kwenye Jumamosi mpaka saa sita. Ndo maana magazeti na redio wanapenda kusema "usiku wa kuamkia", hapo hamna wa kubisha.

Ukienda kuhoji wazee usiwasahihishe, waulize "ilikuwa usiku wa kuamkia lini?" na uandike hivyohivyo alivyosema, halafu pembeni weka tarehe. Hilo kosa kamuoneshe mwalimu kwa heshima, naamini atalifuta.

Na ukiwa na nafasi muulize bibi wiki iliyofuata alikuwa wapi, kama alikuwa ameshavuka huku Dar. Usiku wa kuamkia Jumatatu ya 20 Januari, siku nane tu baada ya Mapinduzi, askari wa kambi ya Colito waliasi, wakawaweka chini ya ulinzi maofisa wao Waingereza, wakaingia mjini. Walikuwa wanadai mishahara na vyeo vya Waafrika. Mwalimu ikabidi afichwe. Tarehe 25 Januari wanajeshi wa Uingereza wakashuka kwa helikopta kutoka meli ya HMS Centaur wakauzima uasi asubuhi moja. Jeshi lile likavunjwa, likaundwa jipya, ndo chanzo cha JWTZ, na Colito leo ndo Lugalo, ile unayoipita ukitoka Mwenge kwenda Tegeta. Jina la Lugalo lenyewe limebeba tarehe yake, 17 Agosti 1891, siku Wahehe wa Mkwawa walipolipiga jeshi la Wajerumani kule Iringa na kamanda wao Zelewski akafa hapo. Hii siku kwa maoni yangu inastahili kutajwa zaidi ya inavyotajwa.

SWALI: Naomba tarehe za Sokoine na Nyerere kwa kifupi, nabishana na mtu kazini. (Msomaji, Posta)

JIBU: Sokoine alifariki kwa ajali ya gari 12 Aprili 1984 Dakawa, Morogoro, akitoka Dodoma kuja Dar. Mwalimu alizaliwa 13 Aprili 1922 Butiama, akafariki 14 Oktoba 1999 London, hospitali ya St Thomas. Yaani Mwalimu alimpoteza waziri mkuu wake siku moja kabla ya kutimiza miaka 62.

SWALI: Kaka mhariri, babu yetu kitambulisho kimeandikwa tarehe 1 Julai lakini mwenyewe anasema hajui siku wala mwaka wa hakika. Anachojua ni kwamba kazaliwa Nachingwea "wakati wa karanga", na kaitwa Ramadhani kwa sababu kazaliwa mfungo. Wajukuu tunataka tumfanyie sherehe ya miaka. Inawezekana kupata tarehe? (Msomaji, Kimara)

JIBU: Inawezekana kusogea karibu sana, na babu kashawapa vitu viwili vizuri. Wazee wengi wana Januari 1 au Julai 1 kwenye vitambulisho kwa sababu siku haikujulikana ikabidi iwekwe mojawapo, kwa hiyo hiyo Julai msiichukue kama ushahidi kwanza.

Anzeni na karanga. Huo ni ule mradi mkubwa wa Waingereza wa kulima karanga, ulianzia Kongwa 1947 ukapelekwa na Urambo na Nachingwea, matingatinga yakafyeka pori, ardhi ikawagomea na mvua ikawagomea, na mwanzoni mwa 1951 serikali yao ikauacha. Kwa hiyo babu kazaliwa kati ya hapo, na kwa Nachingwea mimi ningeanzia 1948.

Sasa leteni mfungo. Ramadhani inasogea nyuma kama siku 11 kila mwaka, na kwa miaka hiyo ilianguka hivi: 1948 ilianza karibu na 8 Julai, 1949 karibu na 27 Juni, 1950 karibu na 17 Juni, toa au ongeza siku moja kwa ajili ya mwezi kuandama. Mnaona? Mwaka wowote kati ya hiyo mitatu, Julai imo ndani ya mfungo. Yule karani hakujua, lakini mwezi kaupata.

Kilichobaki mkamuulize babu taratibu, siyo kwa kumbana, mama yake aliwahi kumwambia ilikuwa kumi la kwanza au kumi la mwisho, na kama kuna dada au kaka aliyemtangulia ambaye tarehe yake inajulikana. Akisema kumi la mwisho na mkakubaliana ni 1949, wekeni sherehe kati ya tarehe 17 na 26 Julai.