Re: Mbao za joto kwa sauna, Mikindani

Mkuu, umeuliza kama mbao zilizopikwa kwa joto kali zinafaa sauna (kile chumba cha joto kali cha kukaa utoe jasho) ya gesti yako Mikindani au upige tu msonobari na vanishi. Chukua hizo za joto. Wafini, watu wa Finland, ndo waliikuza hiyo teknolojia miaka ya 1990, mbao inawekwa kwenye tanuri la mvuke nyuzi 180 mpaka 230 hivi, dawa hamna, inatoka rangi ya kahawia na hainyonyi unyevu kama mwanzo kwaiyo haivimbi ovyo. Mi hapa Shangani mlango wangu wa bafu ni msonobari, kila masika unavimba mpaka nausukuma kwa bega, najua hiyo karaha.

Ila inapasuka kirahisi, mwambie fundi atoboe kwanza na drili ndo afunge skrubu, tena za stenlesi maana chumvi ya bahari huku haina huruma. Kwenye benchi skrubu ziingilie chini, chuma kikishika moto kinaunguza mapaja, na pale pa kukalia vanishi usipake kabisa.

Halafu mchwa jamani! Hizo mbao hazizuii mchwa, usizisimike kwenye udongo, ziweke juu ya zege.