Jua linawaka mwaka mzima, vitamini D inapungukaje?

Mkuu, umeuliza inakuwaje mtu wa nchi ya jua apimwe aambiwe vitamini D yake ni 18, na kama umeze vile vidonge vya yuniti 50,000 ulivyoandikiwa. Njia hiyo nimeipita, mimi na mama yangu, kwa hiyo nivumilie nikijibu kwa urefu.

Kwanza chukua karatasi ya majibu uangalie kizio kilichoandikwa pembeni mwa namba. Yangu ilisomeka 46. Nikasoma mtandaoni kwamba 20 inatosha, nikalala usingizi. Kumbe 46 yangu ilikuwa nanomoli kwa lita, na ile 20 ni nanogramu kwa mililita. Gawanya 46 kwa 2.5 unapata 18 na ushee. Kwa hiyo kama yako ni nanogramu, tuko sawa, umepungukiwa kidogo tu. Kama ni nanomoli, una 7, na huo ni upungufu wa kutibiwa bila kuchelewa.

Hata mstari wenyewe wa kusema inatosha au haitoshi, wataalamu wameuvutana. Mwaka 2011 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilisema nanogramu 20 inawatosha karibu watu wote, na mwaka huohuo chama cha madaktari wa homoni cha Marekani kikataka 30. Mwaka 2024 chama hicho kikaiacha 30 yake, kikasema mtu mzima mwenye afya hana haja ya kupimwa ovyo. Ndiyo maana ukisoma kwamba nusu ya dunia ina upungufu, uliza kwanza wamehesabu kwa mstari upi.

Sasa jua. Kinachotengeneza vitamini D ni aina moja ya mionzi ya jua, iitwayo UVB, ikigusa ngozi iliyo wazi, na kioo cha dirisha huizuia. Mimi nilifanya kazi miaka minne ubavuni mwa dirisha, mpaka mkono wa kushoto ukawa mweusi kuliko wa kulia. Nikaamini jua ninalo la kutosha. Kilichokuwa kinapita ni UVA, aina nyingine ya mionzi ya jua, inayokoleza ngozi lakini haitengenezi vitamini hiyo hata chembe. Ongeza na rangi: ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi juani kupata kiasi kilekile.

Ukilijua hilo, takwimu za dunia hazikushangazi tena. India, Iran na Saudi Arabia zina jua kali na upungufu mwingi, kwa sababu watu wengi wako ndani au wamejifunika. Finland, ambako majira ya baridi UVB haipatikani kabisa, ilianza mwaka 2003 kutia vitamini D kwenye maziwa na siagi ya mimea, ikaongeza kiwango mwaka 2010, na damu za watu wake zikapanda vizuri. Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, wanaoshinda nje, walipopimwa walikuwa na wastani wa nanomoli 115, yaani nanogramu 46.

Kuhusu vidonge, hapa naomba unisikilize sana. Mama aliandikiwa hivyohivyo vya 50,000, kimoja kwa wiki. Aliyempa dawa hakumweleza, na mama akameza kimoja kila siku kwa zaidi ya miezi miwili. Akaanza kiu isiyokatika, kichefuchefu, choo kikafunga, akawa anachanganya majina yetu. Sisi tukasema ni uzee. Kipimo kikaonyesha kalsiamu imejaa kwenye damu, maana vitamini D ikizidi huipandisha, na figo zilikuwa zimeanza kuchoka. Alilazwa siku tisa. Vitamini hii haitoki kwa mkojo kama C. Inajificha kwenye mafuta ya mwili na kukaa miezi.

Simaanishi uviogope. Mimi nilimeza yuniti 1,000 kwa siku, na baada ya miezi minne nikafika nanogramu 29. Ila kabla hujafungua hiyo chupa, rudi kwa daktari umuulize: kimoja kwa siku au kwa wiki, kwa wiki ngapi, na kalsiamu yangu itapimwa lini? Mwambie aandike kwenye chupa yenyewe.